Kigurudumu

Miaka thelathini na mmoja mume wangu aligonga magurudumu
stesheni ya Tabora, usiku, kwa nyundo ya mpini mrefu,
behewa baada ya behewa, treni ya Kigoma, treni ya Mwanza.
Gurudumu zima huitika ngiiii.
Lenye ufa hujibu ko, kama chungu kilichopasuka.
Abiria wanakoroma, hawajui
kuna mtu amewapima uhai kwa sikio.

Sasa amestaafu, yuko sebuleni kwetu Isevya,
na alichobakiwa nacho cha kupima
ni kidubwana cheusi nyuma ya runinga,
kidogo kuliko kipande cha sabuni.
Shija alikileta kutoka Mwanza:
"Bibi, tamthilia zote zimo humu."
Kweli zimo. Nimezitazama miaka minne.

Ilianza mwezi wa tisa, joto lilipopanda.
Nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza tena, kimya.
Halafu amri zote mbili zinatimizwa kwa mkupuo,
kama mtoto aliyeitwa mara tatu akaja na hasira.
Nikasema, betri. Nikanunua betri.
Nikasema, bando. Nyamizi akafungua simu yake
papo hapo, mtandao ule ule,
picha ikateleza kama mafuta ya karanga.
Nikasema, basi ni umeme wenu huu.
Mihayo hakusema neno. Alitafuta daftari.

Nililisoma alipokwenda kunyoa:

Jumanne, saa mbili na dakika arobaini usiku.
Midomo inatangulia, sauti inafuata.
Jumatano. Kimejizima, kikajiwasha. Hakuna aliyekigusa.
Ijumaa. Kimesahau nywila ya nyumbani, mara ya pili wiki hii.
Jumamosi. Mgongo wake wa moto. Yai lingeiva.

Na chini, kwa mwandiko ule ule wa ripoti za reli:
Ufa upo. Bado haujaonekana.

Nikamwambia, wewe unakiombea kifo.
"Kalunde," akasema, "gurudumu halivunjiki siku linapovunjika."
Nikaenda kuchambua mchele.

Jumapili usiku mama mkwe kashika barua.
Sehemu mia moja na kumi na mbili nimeingoja barua hiyo.
Anaifungua, anavuta pumzi,
na hapo akaganda, mdomo wazi,
jicho moja limefumba nusu kama la mbuzi.
Katikati ya paji lake kikatokea kile kigurudumu,
kinazunguka, kinazunguka,
hakigusi reli, hakibebi mzigo, hakifiki.

Mihayo akaketi mbele kabisa ya kiti.
Sijamwona akitazama tamthilia yangu hivyo.
Akainuka, akainama nyuma ya runinga,
akakigonga kwa ukucha wa kidole cha kati,
akatega sikio.
"Vya siku hizi," akasema, "havina hata adabu ya kulia."

Akashika waya.
Nikajua. Kwao reli, lenye ufa
halivuki Malagarasi; linakatwa, linasukumwa pembeni,
watu walalamike mpaka wachoke.
Nikamwambia, Mihayo, barua tu.
Nisomewe barua, kesho ukizike.

Alikaa na ule waya mkononi muda mrefu
kwa mtu ambaye hakuwahi kumchelewesha dereva bure.
Kisha akaiachia. Akavuta feni,
feni yetu moja, iliyokuwa ikimpuliza yeye kifuani,
akaigeuzia kile kidubwana.

Tukakaa katika joto la Oktoba, fulana yake imemganda mgongoni,
na mashine inapata upepo peke yake kama bwana harusi.
Mama mkwe akapepesa jicho.
Akasoma. Kwa kukwamakwama, sauti nyuma ya midomo,
lakini alisoma mpaka sahihi.
Kumbe mtoto si wa yule daktari.
"Nilijua," akasema Mihayo.

Asubuhi daftari liko wazi mezani,
na waya umekunjwa vizuri pembeni yake:

Jumapili. Kimeruhusiwa kuondoka. Safari moja.
Kwa ombi la abiria.